Sura ya Saba: Chakula cha Jioni kwa Mabula

Picha ilikuwa inapendeza, na hilo ndilo lililomuudhi Inspekta Wilhelmina Ngassa. Mwizi wa kawaida huacha msumari mtupu ukutani. Huyu alikuwa ameacha picha nyingine, ndani ya fremu ile ile, nyuma ya kioo kile kile, kikiwa kimefutwa kikang'aa. Watu wa Bariadi walikuwa wamepita mbele yake kwa siku kadhaa bila kushtuka. Aliyeshtuka alikuwa bibi mmoja wa Ubelgiji ambaye hajawahi kuikanyaga Simiyu.

Bibi huyo ni kitukuu wa mchoraji. Mchoraji mwenyewe, Josse Verhaelen, alipita Usukuma na msafara mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, akawachora watu katika shughuli zao za kila siku: wanalima, wanakamua, wanakula. Aliporudi kwao alichora tena kwa sindano juu ya mabamba ya shaba, akayapaka wino na kuyachapa kwenye karatasi. Karatasi moja kati ya hizo ndiyo familia yake iliyoitoa zawadi kwa Nyumba ya Kumbukumbu ya Bariadi, jumba dogo lililojengwa kwa michango ya wananchi. Inaonyesha mzee na wanawe wamekizunguka chungu cha ugali, na mama anatoka ndani na kibuyu cha maziwa. Chini yake Verhaelen aliandika kwa penseli jina lake na jina la mwenye kaya, Mabula.

Kesho bibi huyo angefika kwenye sherehe ya kuizindua rasmi. Aliomba tu atumiwe picha ya ukuta aone zawadi yao imetundikwaje. Kamati ikamtumia. Jibu lilirudi haraka: hii siyo yetu, yetu iko wapi?

Ufunguo wa jumba ulikuwa mmoja, na ulikaa mfukoni mwa Elina Mayala, mtunzaji. Kwa hiyo Elina alikuwa mahabusu tangu jana, na kama picha isingepatikana, angepandishwa kizimbani kwa wizi.

"Fungua nyuma," Wilhelmina alisema.

Konstebo Doto aliilaza fremu kwenye meza ya kituoni, akabandua kadibodi. Karatasi ilikuwa nene, ya rangi ya chai ya maziwa. Wilhelmina aliipapasa. Bibi wa Ubelgiji alikuwa amemweleza kwa simu kwamba bamba likigandamizwa huacha bonde kwenye karatasi pande zote nne, na mistari ya wino hushikika kwa kidole. Hii ilikuwa laini tupu.

"Mashine," Doto alisema. "Tena ya hapa hapa mjini. Afande, mimi nakwambia, ile halisi iko Lamadi kwenye maduka ya vinyago, inamsubiri mtalii wa Serengeti."

"Labda."

Wilhelmina aliiweka simu yake kando ya fremu. Kwenye simu alikuwa na picha halisi, iliyopigwa Ubelgiji kabla haijasafirishwa. Watu walikuwa wale wale na chungu kile kile. Lakini kwenye simu ghala la mtama lilikuwa upande wa kulia, na kwenye fremu lilikuwa kushoto.

Doto akacheka. "Kaipiga kwa kamera ya selfi, ikageuka! Mwizi mshamba namna hii sijawahi kumwona."

"Soma maandishi ya chini."

"Jina la mchoraji. Na la Mabula."

"Unayasoma vizuri?"

"Vizuri kabisa, afande."

"Picha ingegeuka kwa bahati mbaya, maandishi nayo yangegeuka. Mtu ameigeuza picha makusudi, kisha akayarudisha maandishi yakae sawa. Huyo siyo mshamba. Kuna kitu humu ndani hakukipenda."

Wakainama wote wawili kukitafuta, na wote wawili hawakukiona. Doto alidhani ni kibuyu.

Mlango ulifunguliwa, akaingia Mzee Joakim Mabula, mwenyekiti wa kamati ya sherehe. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na koti lake halikuwa na habari ya joto la Bariadi. Nusu ya wakubwa wa mjini waliwahi kuchapwa na mkono wake, na wote walijivunia viboko hivyo.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimu Wilhelmina kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwangaluka, baba. Pole na usumbufu."

"Usumbufu upo. Mgeni yuko njiani, na mimi natafutwa na kila mtu." Aliitazama fremu iliyofunguliwa, kisha akatazama dirishani. "Unajua huyo mzee ni nani? Ni baba wa babu yangu. Mzungu alilala kwenye kaya yake, akala chakula chake. Nitajie mtu mwingine wa kijijini kwetu Ngulyati ambaye baba wa babu yake amekaa ukutani Ulaya zaidi ya miaka mia."

"Hayupo, baba."

"Hayupo! Sasa mimi nasema, hata hii iliyopo inatosha kwa sherehe. Wageni watawaona wazee wetu walivyokuwa watu wa heshima. Hiyo nyingine mtaitafuta taratibu."

"Na Elina?"

Mzee alikohoa. "Yule binti sidhani kama ni mwizi. Mngemwachia tu."

"Kama siyo yeye, ni nani?"

"Hiyo ni kazi yenu, mayu. Mimi nilifundisha hesabu."

Akaondoka. Wilhelmina alizaliwa Binza, kule Maswa, kwa hiyo watu wa Bariadi walimhesabu kama mgeni nusu na kumweleza mambo ambayo wao kwa wao hawakuelezana. Lakini mzee huyu alikuwa amemweleza machache mno kwa mtu ambaye baba wa babu yake ameibiwa.

* * *

Elina Mayala aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa amejifunga kitenge vizuri na kichwa juu. Alikuwa na miaka thelathini hivi. Baba yake, mkulima wa pamba wa Nkoma, alikuwa amekaa kwenye benchi la nje tangu alfajiri, na hakutaka kwenda kula.

"Elina, dada yangu, kuna njia fupi," Wilhelmina alisema. "Ukikubali kwamba ulizembea, ukaacha mlango wazi, tunaweza kukupa dhamana leo leo."

"Sikuzembea."

"Najua. Lakini ungelala nyumbani."

"Afande, mlinikamata mchana, stendi nzima inaona. Mkanipitisha kwa baba yangu kama mwizi wa kuku. Nikitoka kwa uzembe nitakuwa nimetoka na doa. Mimi nitatoka hapa nikiwa safi, au nitakaa."

Wilhelmina alijikuta anamheshimu, na hilo siyo jambo zuri kwa mpelelezi kabla ya saa ya chai. Akarudi kwenye maswali.

"Wiki hii mlipata wageni gani mle ndani?"

"Wanafunzi tu. Nilikuwa nao mwanzo mpaka mwisho."

"Wageni wengine?"

"Hakuna mgeni mwingine."

"Wanafunzi waliigusa picha?"

"Hawakuigusa. Wiki hii hata hawakucheka. Siku zote watoto wakifika pale wanacheka, wanasema wazee hawa hawakufundishwa adabu. Mimi huwanyamazisha, nawaambia Mzungu alikosea kuchora."

Wilhelmina alikuwa anafungua mdomo kuuliza adabu gani, simu yake ikalia. Ni Doto, alikuwa amepata mashine.

* * *

Duka la Tajudin lilikuwa jirani na soko, limejaa sare za kwaya, mihuri ya vikundi vya akina mama na picha za maharusi. Tajudin mwenyewe, kijana wa mjini mwenye kanzu fupi na kalamu sikioni, alianza kujitetea kabla hajasalimiwa.

"Afande, karatasi ile ni ya kwangu, sikatai. Lakini mimi nachapa. Ukileta harusi nachapa harusi, ukileta msiba nachapa msiba."

"Nani alileta hii?"

"Kamati. Walileta flashi. Kalenda humo, bango humo, na nakala moja ya karatasi nene, wakasema ni zawadi ya mgeni. Ningejuaje?"

"Ulipoichapa uliigeuza?"

"Nigeuze ili iweje? Ilikuja hivyo hivyo." Alivuta kutoka pembeni bango refu lililoviringishwa, bado halijatundikwa, akalitandaza kutoka kaunta hadi sakafuni. "KARIBUNI SIMIYU", liliandikwa kwa herufi nyekundu, na chini yake ile kaya ya Ngulyati, ghala likiwa kushoto.

Doto alimvuta Wilhelmina kando. "Huyu tumkamate, afande. Ana mashine, ana karatasi, na ana shemeji Lamadi."

"Kila mtu ana shemeji Lamadi," Wilhelmina alijibu. "Mwizi hachapishi bango la barabarani. Bango linachapishwa na mtu anayeona fahari." Akamgeukia Tajudin. "Nani hasa kwenye kamati alikuja?"

"Flashi ililetwa na dereva wa bodaboda. Jina sikuuliza. Kamati ni kamati."

* * *

Wakaenda kula kwa mama Asumini, nyuma ya soko. Doto aliagiza wali. Wilhelmina aliagiza ugali, sato na mlenda, kwa sababu akili yake haikuwahi kufanya kazi kwa wali. Alinawa, akashika tonge, na kwa mkono wa pili akaishika simu na kuikazia macho picha halisi, ile ya ghala kulia.

Alimtazama mzee Mabula wa zamani. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mgongo umenyooka, tonge liko njiani kuelekea mdomoni. Mwanawe wa kwanza alikuwa anachovya. Wa pili alikuwa anamega.

Wilhelmina akalitazama tonge lake mwenyewe. Akaitazama simu tena. Lile tonge la mlenda likadondoka mezani.

"Doto. Hawa watu wanakula kwa mkono gani?"

Doto akasogea, akaganda. "Mungu wangu. Kushoto. Wote!"

"Na kwenye ile ya bandia?"

"Kulia."

"Ndiyo maana wiki hii watoto hawakucheka."

Hakuna mama wa Kisukuma, wala wa kabila lolote jirani, anayemwacha mtoto apeleke mkono wa kushoto kwenye chungu cha watu. Mkono huo una kazi zake, na kazi zake hazitajwi mezani. Mtoto akisahau, anakumbushwa kwa kofi. Na huyu Mzungu alikuwa amewachora watu wazima watatu, baba na wanawe, wakila kwa kushoto kama watu waliokosa wazazi. Picha hiyo ikatundikwa Ulaya miaka yote hiyo, na sasa ilikuwa inarudi nyumbani ionwe na mkoa mzima.

Wilhelmina alinawa mikono bila kumaliza sato. Alikumbuka koti, kikohozi na yale maneno, walivyokuwa watu wa heshima.

* * *

Kituoni alimkuta Elina amesimama kaunta, na karatasi za kumpeleka mahakamani zinasubiri muhuri. Wilhelmina aliuchukua muhuri wa ofisi, lakini hakuugonga.

"Elina, nikuulize tena. Mzee Joakim Mabula alikuja jumbani wiki hii?"

"Alikuja Jumatatu, kupima ukuta kwa ajili ya bango."

"Mbona hukunitajia?"

Elina alishangaa kweli. "Uliuliza wageni, afande. Yule siyo mgeni. Yule ni mwenye picha."

"Ulikuwa naye muda wote?"

"Nilienda kumchemshia chai. Mzee mzima amekuja, nimwache akae mkavu? Tena mkaa ulikuwa umelowa. Nilichelewa kidogo."

Doto alijipiga paji la uso. Kituo kizima kilikuwa kimemhoji binti huyu, na kila mmoja angejibu kama yeye.

Wilhelmina aliendelea kuushika muhuri. Sababu ya wizi alikuwa ameipata, lakini kuna jambo lilimkera. Verhaelen aliishi na watu hawa, akawachora mpaka mshono wa kibuyu. Mtu wa macho makali hivyo anakosea mkono kwa watu watatu? Akaugeuza muhuri kuuangalia mpira wake. Kila herufi ilikuwa kinyumenyume. Akaugonga kwenye karatasi chakavu, na herufi zikasimama sawasawa.

Akabaki ameukodolea macho, kisha akacheka kwa sauti mpaka askari wa zamu akageuka.

"Doto, washa gari. Huu muhuri tunaenda nao."

* * *

Kwa Mzee Mabula kule Ngulyati pamba ilikuwa imetandazwa kwenye maturubai ikichambuliwa, na uani palikuwa peupe. Mzee aliwakaribisha sebuleni bila koti. Alionekana mdogo bila koti.

"Baba," Wilhelmina alisema, "sikuja kukutia aibu. Nimekuja kuchukua picha. Naijua sababu, na naijua siku. Elina alikuwa anakuchemshia chai."

Mzee aliinuka. Kisha akaenda chumbani, akarudi na kitu kilichofungwa kwa shuka jeupe lililopigwa pasi, akakilaza mezani kwa mikono miwili.

"Sikuichana," alisema. "Kijana wa mjukuu wa dada yangu alinigeuzia ile nyingine kwenye kompyuta. Hii nilitaka kuichoma, nikashindwa. Nitamchomaje baba wa babu yangu?" Akalinyoosha shuka. "Lakini ningemwachaje akae mbele ya wageni namna ile? Nimefundisha watoto miaka mingi, jambo la kwanza kabisa nawafundisha kunawa na kula kwa kulia. Halafu ukoo wangu wenyewe! Mzungu alipewa chakula chetu, akatulipa kwa kututukana."

"Na binti wa watu yuko mahabusu."

"Nilisema watamwachia jioni. Jioni ikapita. Asubuhi nilikuja pale niseme, ulimi ukawa mzito. Niliona aibu, mayu. Aibu ya pili ikawa kubwa kuliko ya kwanza."

Wilhelmina hakumpaka mafuta. "Ni kubwa kweli, baba. Na utaibeba. Lakini ile ya kwanza haikuwepo kabisa."

Akauweka muhuri mezani, mpira ukiangalia juu. "Soma."

"Umeandikwa kinyume."

"Ndiyo, ili ukigonga usomeke. Bamba la shaba ni muhuri, baba. Verhaelen alichora juu yake kile alichokiona kwa macho yake, sawasawa. Alipolilaza kwenye karatasi, kila kitu kikahamia upande wa pili. Ghala limehama, mlango umehama, mikono imehama. Jina aliliandika baadaye kwa penseli, ndiyo maana lenyewe limekaa sawa."

Mzee alimtazama kama mwanafunzi aliyeleta jibu sahihi kwa njia asiyoijua. Mwalimu wa hesabu haamini mpaka aone.

"Una kioo?"

Kilikuwepo, cha marehemu mkewe, kipana chenye fremu ya mbao. Doto alikishika kifuani. Mzee Mabula aliifunua picha, akaielekeza kwenye kioo, akachungulia juu yake.

Ndani ya kioo baba wa babu yake alikuwa amekaa kwenye kigoda, mgongo umenyooka, anakula kwa mkono wa kulia. Wanawe walikula kwa mkono wa kulia. Hata mama aliyetoka na kibuyu alikishika kama mama wa Ngulyati anavyokishika.

"Alituona," mzee alisema polepole. "Mzungu yule alituona vizuri." Machozi yalimtoka wala hakuyafuta, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imeishika picha. "Guku, babu yangu, nisamehe. Nilidhani umetuaibisha."

Wilhelmina alisogea akachungulia naye. Hakuwa wa ukoo ule, wala wa Ngulyati, lakini kifua kilimjaa. Hawa walikuwa watu wake, na walikuwa wamekaa vizuri.

"Vaa koti, baba," alisema. "Tunaenda kituoni, utaandika maelezo yako. Jalada litaenda linakotakiwa kwenda, mimi silizuii."

"Usilizuie," mzee alisema. Akalivaa koti, akafunga vifungo vyote.

* * *

Kaunta ilikuwa na watu, wa mbuzi waliopotea na wa ugomvi wa mipaka. Mzee Mabula hakuomba chumba cha faragha. Alisimama katikati, picha mikononi, akamgeukia kwanza Mzee Mayala wa Nkoma pale kwenye benchi.

"Mayala, mimi Joakim Mabula ndiye niliyeichukua picha hii. Binti yako hana kosa. Alikuwa ananipikia chai, nami nikamwibia heshima yake. Nakuomba radhi mbele ya hawa wote."

Mzee Mayala aliinuka kwenye benchi. "Mwombe mwenyewe," alisema. "Mimi sikulala ndani."

Elina alikuwa ametolewa. Alisikiliza radhi yake yote mpaka mwisho, bila kumsaidia mzee kwa neno hata moja. Kisha akaifunua picha, akaikagua kona zote nne, akapitisha kidole kwenye bonde la bamba. Doto akamwonyesha kioo. Alichungulia, akachungulia tena, na kwa mara ya kwanza tangu jana akatabasamu.

"Kwa hiyo sitawanyamazisha tena wale watoto," alisema. "Nitawapa kioo."

Wilhelmina alimrudishia ufunguo wa jumba. Askari wa zamu, kwa huruma, akafungua mlango mdogo wa nyuma ili binti apite bila kutazamwa na stendi. Elina alimtazama askari, akautazama mlango ule.

"Niliingilia mbele," alisema.

Mzee Mabula akanyoosha mikono ambebee picha.

"Hapana, baba. Mtunzaji wa picha ni mimi. Wewe shika kioo."

Wakatoka kwa mlango wa mbele, wakakata stendi jua likiwaka na watu wote wanatazama, Elina mbele na picha yake, na mwenyekiti wa kamati nyuma yake, amekishika kioo kwa mikono miwili.